Maskati, Sur na mchanga wa Bidiyah: safari ya kula samaki, tende na nyama ya shimoni

Tumesharudi, nguo bado zinatoa mchanga kila zikifuliwa, na nimekaa na daftari na picha za simu niandike kabla siku hazijaanza kuchanganyika. Njia yenyewe ni mashariki ya Oman: unashuka na pwani kutoka Maskati mpaka Sur na Ras al-Jinz, unasogea kidogo hadi Al Ashkharah, halafu unakata kuingia ndani kwenye mchanga wa Bidiyah na kurudi Maskati kwa nyuma ya milima. Tulikuwa mimi na mke wangu, gari la kukodi, mwezi wa Januari. Nitaongea sana habari za chakula kwa sababu ndicho tulichokifuata, nilikuwa nasikia tu kwamba kule jangwa na bahari zinalishana, nilitaka nione kwa macho yangu.

Hela kwanza. Riali moja ina baisa 1000, na thamani yake imefungwa kwenye dola, riali 1 ni kama dola 2.6, kwa hiyo ukishajua chenji ya dola hesabu imeisha. Visa inaombwa mtandaoni kwenye mfumo wa polisi wa Oman, shughulikieni mapema na mtembee na kopi.

ALHAMISI, Maskati (Mutrah)

Ndege ilitua alfajiri. Gari tuliambiwa litakuwa tayari saa mbili asubuhi, likaja saa tano na nusu na hakuna aliyetueleza kwa nini. Kijana mmoja wa Kibangladeshi aliyekuwa anafagia pale nje alituona tumechoka, akatoweka, akarudi na vikombe viwili vya karak, ile chai ya maziwa inayochemshwa na hiliki mpaka inakuwa nzito, na hela akakataa kabisa. Tulichukua gari la juu linalovuta matairi yote manne, riali 28 kwa siku, hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote za safari hii. Kama hamna mpango wa kuingia mchangani kodini saluni ya kawaida, lami ni safi njia nzima na mtaokoa zaidi ya nusu.

Mchana tukaenda soko la samaki la Mutrah, pale mwanzo wa barabara ya ufukweni. Jodari wamelazwa chini wazima wazima, nguru, changu, papa wadogo, pweza, na upande wa pili kuna vijana kazi yao ni kukata tu, unanunua kwa huyu unakatiwa na yule. Tulichukua nguru kilo moja, na mgahawa mdogo nyuma ya soko ukakubali kutukaangia kwa riali moja pamoja na wali na pilipili. Sikumbuki mara ya mwisho kula nguru aliyetoka majini siku hiyohiyo nikiwa nimekaa mezani na kiyoyozi.

Jambo la kujua: maduka mengi yanafungwa kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi. Sisi tulilala tu, jioni ndio tukaingia soko la zamani, ubani unafuka kila kona, halafu tukamalizia na mishkaki ya barabarani. Mchomaji alitusikia tunaongea akageuka, "Mnatoka wapi nyie?" kwa Kiswahili kilichonyooka. Bibi yake kazaliwa Unguja. Hili mtalikuta sana Oman. Sayyid Said, sultani wa Oman, alihamishia makao yake Unguja mwaka 1840, familia zikaishi kule vizazi na vizazi, halafu baada ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970, nyingi zikarudi na lugha yao na mapishi yao. Yule mchomaji alituwekea mchuzi wa ukwaju wa kutosha na mishkaki miwili juu ya tuliyolipia.

IJUMAA, Maskati mpaka Fins

Ijumaa asubuhi mji umelala, msipange kununua kitu. Niliswali msikiti mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, kisha tukaingia barabarani. Wanaendesha upande wa kulia, kwa sisi tuliozoea kushoto saa ya kwanza inataka utulivu, hasa mizunguko. Barabara kuu mwendo ni 120 na kamera ziko kila mahali. Petroli ilikuwa karibu baisa 230 kwa lita, na jazeni Quriyat.

Baada ya Quriyat mlima unakuja kulia na bahari kushoto na hakuna kingine, mawe makavu rangi ya mkate wa kuungua yanashuka mpaka majini. Tukasimama Bimmah, kwenye shimo kubwa la duara lenye maji ya kijani kibichi chini. Wenyeji wana hadithi ya nyota iliyoanguka, lakini ni mwamba wa chokaa uliodidimia. Kuna ngazi, unashuka, unatia miguu na visamaki vinakuja kukung'ata vidole.

Pembeni pana bustani na familia zilikuwa zimetandika mikeka. Tulikuwa tunapita tu, mzee mmoja akanyanyua mkono, "tafadhali, tafadhali", na mkewe tayari keshasogea kumpa nafasi mke wangu. Sinia la kabuli ya mbuzi, wali mwekundu kwa viungo, zabibu na vitunguu vya kukaanga juu. Tulikula kutoka sinia moja na watu tusiojua hata majina yao, watoto wakileta machungwa. Hatukuruhusiwa kuondoka mpaka kahawa iende mzunguko. Nawaambia mapema ili msihangaike: kahawa yao ni nyepesi, ya hiliki, kikombe kidogo, na mwenye kumimina ataendelea kumimina mpaka utikise kikombe kidogo kuonyesha umetosheka. Pokea kwa mkono wa kulia, na tende kwanza.

Usiku hema ufukweni Fins, bure, hakuna wa kukuuliza. Bebeni maji na kuni zenu na mrudi na takataka zenu.

JUMAMOSI, Wadi Shab, Qalhat, Sur

Wadi Shab (wadi ni bonde la mto milimani) tulifika saa moja asubuhi na ndiyo saa yake, saa nne pale panajaa. Unavushwa kwa boti kwa riali moja, kwenda na kurudi, dakika mbili tu za maji. Baada ya hapo ni kutembea kama dakika 45 katikati ya kuta za mlima, migomba na mitende chini, mfereji wa maji ubavuni mwa mwamba, kisha mabwawa unaogelea moja baada ya jingine mpaka kwenye ufa mwembamba wa jiwe unapopita kichwa tu, ndani pango na maporomoko. Vaeni viatu vya kulowana, na wanawake mke wangu anasema suruali nyepesi na fulana ndefu. Utabiri ukisema mvua milimani msiingie kabisa, maji ya wadi huja ghafla.

Qalhat, mji wa kale wa bandari, tulikuta geti limefungwa, kaburi la Bibi Maryam tukaliona kwa mbali limesimama peke yake kwenye mawe. Mji ule uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2018. Kilichonifanya nitake kusimama pale ni Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco wa karne ya 14. Alipita Kilwa 1331, akaenda Dhofar, akaja pande hizi, akashuka Sur na kuamua kutembea kwa miguu mpaka Qalhat kwa sababu ilionekana karibu, akafika hoi kwa kiu na miguu imevimba. Halafu anasifia samaki wa pale, waliochomwa juu ya majani ya mti na kuwekwa juu ya wali, kwamba hajapata kula samaki kama wale popote. Nimesimama pembeni ya barabara na jua la saa saba nikamwelewa vizuri.

Sur tulifika jioni, gesti riali 15, safi, mwenye gesti akatutolea tende.

JUMAPILI, Sur

Kama mna siku moja tu ya kutoa kwa pwani hii, itoeni Sur. Asubuhi tulienda kwenye karakana ya majahazi, bado wanajenga kwa mkono, mbao zimesimama juu ya mbavu za chombo na harufu ya mafuta ya samaki na mbao mpya. Karibu na hapo limewekwa jahazi la Fatah al-Khair, lilijengwa hapohapo Sur mwaka 1951, likaja kuuzwa Yemen, na miaka ya 1990 watu wa Sur wakachanga pesa wakalirudisha nyumbani.

Tunalizunguka, akatokea mzee na bakora yake, kofia ya kudarizi. Nikamsalimu "Salaam alaykum", akaitikia, kisha akamsikia mke wangu ananiambia nisogee apige picha.

"Waswahili nyie?"

"Ndio babu, shikamoo."

"Marahaba wanangu, marahaba. Mshakula?"

Hakusubiri jibu. Alitutangulia kwa gari lake taratibu mpaka Al Ayjah, ng'ambo ya daraja, kwenye nyumba nyeupe karibu na mnara wa taa. Alizaliwa Pemba, akaja Sur kijana na hakuondoka tena. Bibi alikuwa jikoni na hakushtuka hata kidogo kuona wageni wawili wa ghafla, alisema tu "karibuni, kaeni, hamkuchelewa", akamchukua mke wangu wakaenda zao jikoni kuongea kama wanaojuana miaka yote.

Chakula kilikuja: nguru mzima aliyechomwa kapakwa bizari na ndimu kavu iliyopondwa, wali, mchuzi mwembamba wa nazi, na bakuli la papa mkavu aliyechambuliwa nyuzinyuzi akachanganywa na vitunguu, ndimu na pilipili mbichi. Huyo papa nilikula mpaka nikaona haya, bibi akaniongezea. Babu akawa anaeleza namna vyombo vya Sur vilivyokuwa vinaondoka na kaskazi, miezi hiihii ya Desemba, Januari, vimepakia tende, chumvi na samaki mkavu, vinateremka mpaka Lamu, Mombasa, Unguja, Rufiji, vikirudi na kusi vinaleta boriti za mikoko na karafuu. Akanyanyua bakora akagonga dari, "Hizo boriti za huko kwenu." Vyumba vya nyumba za zamani upana wake ulifuata urefu wa boriti, alisema, kwa sababu mti wa kujengea hapa haupo, jangwa tu nyuma yetu. Na tende zilizopakiwa zilitoka wapi? Zilitoka ndani huko, Bidiyah na Ibra, zikaletwa na ngamia.

Tulitoka pale alasiri. Bibi alifunga mandazi kwenye karatasi na kumkabidhi mke wangu, mimi hata nisingeruhusiwa kuyabeba.

Usiku Ras al-Jinz, kuona kasa. Huingii ufukweni bila muongozaji na nafasi zinajaa, wekeni mapema. Msimu wao mkubwa ni katikati ya mwaka lakini kasa wa kijani wanapanda kutaga mwaka mzima, na sisi tulimwona mmoja, mkubwa, anachimba kwa mapezi ya nyuma pole pole, taa nyekundu tu, hakuna flashi, watu wote kimya. Mayai yanafika kama mia kwa mara moja.

JUMATATU, Al Ashkharah

Barabara ya kusini mchanga unaanza kuja wenyewe barabarani. Upepo uliamka tangu asubuhi na kabla ya Al Ashkharah tukakuta rundo limekata njia na greda linafanya kazi, tukasimama zaidi ya saa moja. Mbele yetu lori la samaki, dereva akashuka na chupa za maji yaliyokuwa ndani ya barafu akagawa gari kwa gari.

Al Ashkharah ni mji wa wavuvi, hauna mapambo. Nje ya mji ufukweni dagaa wameanikwa eneo kubwa ajabu, fedha tupu mchangani, harufu inakupokea kabla hujafika. Kulikuwa na bwana mmoja anapakia magunia kwenye pikapu, mke wangu akamuuliza kwa Kiarabu chake cha madrasa, dagaa wote hawa wanaliwa na nani? Akacheka, akasema ngamia. Alikuwa Bedui wa Bidiyah, kaja kununua chakula cha mifugo yake, ngamia na mbuzi, wanachanganyiwa na tende zisizouzika. Kwa hiyo samaki wa pale wanapanda jangwani wanakuwa maziwa na nyama, na tende za jangwani zinashuka kuliwa na wavuvi. Ndicho nilichokuja kukiona, nikakikuta kwenye magunia.

Alipojua tunaelekea kwake akasema tusiingie mchangani peke yetu, kesho saa nane atatusubiri kituo cha mafuta, na akachora kwenye daftari langu kabisa.

Mchana tulikula mgahawa wa vijana wa Kerala, India, mchuzi wa samaki mkali na chapati za kukunjwa, riali mbili na nusu watu wawili. Kisha Jalan Bani Bu Ali, tukasimama kuona msikiti wa Al Hamoda wenye kuba 52 ndogondogo zimepangana juu ya paa, ndani nguzo fupi na ubaridi mzuri. Kuanzia hapo mpaka Al Kamil hakuna cha kusimulia, tukalala.

JUMANNE, mchanga wa Bidiyah

Alikuwepo. Saa nane kamili, pikapu yake, na mwanawe. Kwanza matairi: tulipunguza upepo mpaka psi 15 hivi, bila hivyo huendi mita mia. Kujaza tena mkitoka ni mafundi wa pembeni ya barabara pale mjini, tulilipa baisa 500. Kanuni alizotupa: usisimame ukiwa unapanda, usikate kona kwenye mteremko, fuata alama za matairi ya aliyetangulia.

Jangwa hili kutoka kaskazini mpaka kusini ni kama kilomita 180, upana kama 80, na vilima vingine vinafika karibu mita mia. Mchanga una rangi ya machungwa upande wa huku, na kadiri unavyoelekea baharini unapauka. Tulizima gari juu ya kilima na hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa upepo.

Kwake ni kibanda cha makuti ya mtende na mazulia, na nyumba ya matofali mjini ambako wanahamia joto likizidi. Mama wa nyumba, kavaa barakoa ya kitambaa cheusi ya Kibedui, alikuwa anapika mkate wa rakhal: unga mwepesi anaupaka kwa kiganja kwenye bamba la moto, unakuwa mwembamba kama karatasi, anaubandua kwa vidole. Ukiwa moto, samli na asali juu. Maziwa ya ngamia yalikuja kwenye bakuli, yana uchumvi kidogo, mepesi, mazuri. Na ngamia wenyewe pale nje wanatafuna dagaa wetu wa jana.

Tulibahatika zaidi ya tulivyostahili: walikuwa na akika ya mjukuu, na nyama ilikuwa shimoni tangu jana yake alfajiri. Hii ndiyo shuwa, ambayo kwa kawaida ni ya sikukuu. Mbuzi anapakwa vitunguu saumu, siki, bizari nyembamba, giligilani, hiliki, pilipili manga na karafuu, anafungwa kwenye majani ya mgomba, anatiwa kwenye mfuko wa makuti, shimo lina makaa, linafunikwa kwa bati na udongo mpaka moshi usitoke. Ndugu na majirani wanaweka mifuko yao kwenye shimo hilohilo, kila mmoja na alama yake. Walipofukua jioni watoto walikuwa wamepanga mstari. Nyama haihitaji kisu, unaigusa inaachia mfupa, karafuu inasikika mwisho kabisa ukishameza. Juu ya wali, sinia kubwa, wanaume huku, wanawake na mke wangu kule, na nasikia kule kulikuwa na kicheko zaidi.

Nilitaka kumlipa kwa kutuongoza. Alikataa mara mbili, mwishowe akakubali zawadi ya mtoto, nikampa mjukuu riali 15 mkononi. Usiku baridi kweli, koti na soksi, msidanganywe na jua la mchana.

JUMATANO, Ibra na kurudi

Tuliondoka alfajiri kwa sababu ya soko la wanawake la Ibra, linakuwa Jumatano asubuhi tu, wauzaji wanawake na wanunuzi wanawake. Mimi nilibaki nje. Mke wangu alitoka na ndimu kavu, bizari ya shuwa iliyosagwa mbele yake, na mapishi mawili aliyoandikiwa na mama mmoja nyuma ya risiti.

Nilimsubiri kwenye duka la halwa. Sufuria kubwa la shaba, wanga, sukari, samli, zafarani, hiliki, maji ya waridi, na bwana anakoroga kwa mwiko mrefu bila kupumzika, kama saa mbili anasema, akiacha tu inashika chini. Alinipa kijiko ya moto. Nilinunua bakuli mbili za riali 3 kila moja, fungeni vizuri kwenye begi maana samli inatoka.

Kutoka Ibra mpaka Maskati ni barabara pana, saa mbili hivi, gari likarudishwa bila maneno.

Kwa hesabu, ukiondoa ndege, gari na ile zawadi ya mjukuu, watu wawili tulitumia chini ya riali 15 kwa siku zile za kulala hemani na wenyeji, na kama 30 siku za gesti. Januari mpaka Machi ndio hali ya hewa nzuri. Kiangazi Bidiyah joto linapita nyuzi 45, lakini Al Ashkharah upepo wa kusi unapoza, kasa wanapanda kwa wingi Ras al-Jinz, na kuanzia Julai huko Bidiyah wanachemsha tende za mabsli kwenye masufuria makubwa na kuzianika kabla ya kuzisafirisha India. Yule bwana wa magunia ametwambia tukija wakati huo tufike kwake moja kwa moja, na mke wangu ameshaanza kuuliza bei za tiketi za Julai.